Mstari mmoja, vipimo viwili, na vyote viwili vina kosa: kusahihisha umbali wa totali stesheni hapa Uganda

JiweLaMpaka (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu wapimaji, naandika uzi huu kwa sababu ya mstari mmoja ulionitoa nyumbani mara tatu. Ulikuwa mpaka wa shamba la mailo (aina ya umiliki wa ardhi wa Buganda) kando ya Kampala, upande wa Wakiso, unaoanzia kwenye jiwe lililo juu ya kilima, unavuka bonde la mafunjo na kuishia kwenye jiwe la pili katika kilima cha ng'ambo. Majirani wawili waligombana, na kila mmoja akaleta mpimaji wake. Wa kwanza alipata mita 1,204.316 na wa pili akapata mita 1,204.242. Tofauti ni milimita 74, ilhali vyombo vyao, yaani totali stesheni zinazopima pembe, na umbali kwa mwanga, ni vya daraja la usahihi la milimita 2 pamoja na milimita 2 kwa kila kilomita, maana yake ni kwamba kwa mstari wa urefu ule kosa halikupaswa kufika hata milimita 5. Nilipofika, wenye ardhi walikuwa wameshaanza kutuhumiana kwamba mawe yamehamishwa usiku, na nikaombwa niseme ni mpimaji yupi aaminiwe.

Niliketi na madaftari ya wote wawili, na nilichokigundua ndicho kinachonifanya niandike: kila mmoja alinakili kwa uaminifu kile alichokisoma kwenye kioo cha chombo chake, na kila mmoja alikuwa na kosa, huyu akirefusha na yule akifupisha.

Naanza na aliyefupisha. Chombo cha elektroniki hupeleka mwanga hadi kwenye prizimu, kirudisha-mwanga kinachosimamishwa kwenye ncha ya pili, mwanga ukarudi, nacho kikalinganisha wimbi lililorudi na lile lililotoka. Ili ulinganisho huo ugeuke kuwa mita, ni lazima chombo kijue kasi ya mwanga katika hewa iliyopo siku hiyo mahali hapo. Katika ombwe kasi hiyo ni mita 299,792,458 kwa sekunde. Hewa ya usawa wa bahari huipunguza kwa sehemu zipatazo 280 kwa milioni, na hewa hiyo nzito ndiyo ambayo watengenezaji wengi huichukua kuwa hali ya kawaida, wakiweka mgandamizo wa hektopaskali 1,013 na halijoto ya nyuzi 12, 15 au 20 kufuatana na kampuni. Sisi hatukai usawa wa bahari. Kampala iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, mgandamizo wake ni takriban hektopaskali 880, na kwa nyuzi 26 hewa hiyo nyepesi huupunguza mwanga kwa sehemu zipatazo 236 tu. Mwanga unarudi mapema kuliko chombo kinavyotarajia, chombo kinadhani prizimu iko karibu zaidi, na kwa hiyo tunapaswa kuongeza sehemu zipatazo 46 kwa milioni, yaani milimita 46 kwa kila kilomita.

Mpimaji wa pili hakupuuza jambo hilo. Alifungua ukurasa wa hali ya hewa kwenye simu, akasoma 1,015, akaiingiza kwenye chombo. Namba ile haikuwa mgandamizo wa mahali aliposimama. Taarifa za hali ya hewa kwa kawaida hutoa mgandamizo uliorejeshwa usawa wa bahari, ili vituo vya miinuko tofauti viweze kulinganishwa kwenye ramani moja. Kwa 1,015 na nyuzi 26, chombo kiliongeza sehemu 10 pekee mahali pa 46. Upungufu wa sehemu 36 na kidogo kwa mstari wa mita 1,204 ni karibu milimita 44.

Aliyerefusha alikuwa ameweka mgandamizo sahihi, lakini siku hiyo alitumia prizimu ya kuazima ambayo konstanti yake (milimita za kuongeza au kupunguza kwenye kila umbali) ni −30, na chombo chake kilikuwa kimeachwa kwenye sifuri. Nilimpeleka kwenye barabara iliyonyooka na tambarare, nikaweka nukta tatu A, B na C katika mstari mmoja, tukapima vipande vyote kwa prizimu ileile. AB ilikuwa 48.231, BC ilikuwa 51.796, na AC ilikuwa 99.997. Jumlisha AB na BC upate 100.027, kisha ondoa AC: zinabaki milimita 30. Uzuri wa jaribio hili ni kwamba halihitaji umbali unaojulikana wala chombo cha pili. Kosa lisilobadilika linaingia mara mbili ukipima vipande na mara moja ukipima mstari mzima, kwa hiyo ziada inayobaki ndiyo kosa lenyewe.

Ondoa milimita 30 kwa wa kwanza, ongeza 44 kwa wa pili: wote wanafika 1,204.286. Mawe hayakuwa yamehamishwa.

Ninachoomba tukizungumze hapa ni hiki: umbali unaoonekana kwenye kioo tayari umebeba madai kadhaa kuhusu hewa, prizimu na wakati mwingine gridi, yaani mtandao wa kodineti wa ramani. Madai hayo yasipoandikwa kwenye daftari pamoja na namba yenyewe, mtu atakayekuja baadaye hawezi kuyasahihisha hata akitaka.

Mwanafunzi_Mwaka_wa_Tatu

Mzee, salamu na asante kwa maelezo. Nina maswali mawili. Kama hatuna baromita, tufanyeje, maana kikundi chetu cha mazoezi kina kipimajoto kimoja tu? Na je, kwa viwanja vya futi 50 kwa 100, ambavyo ndivyo vingi tunavyoviona mijini, masahihisho haya yana maana yoyote, au ni ya mashamba makubwa peke yake?

JiweLaMpaka

Mwanangu, swali lako la kwanza lina habari njema kwa sisi tunaoishi karibu na ikweta. Huku kwetu mgandamizo wa hewa haupandi na kushuka sana kutoka siku hadi siku kama katika nchi za mbali na ikweta. Mabadiliko ya kila siku ni hektopaskali chache, na kila hektopaskali 3 au 4 ni sehemu moja tu kwa milioni. Kwa hiyo ukiujua mwinuko wa mahali, unaweza kuukadiria mgandamizo vizuri kabisa kwa kazi ya kawaida: chukua 880 kwa mita 1,200, na kwa kila mita 100 unazopanda ondoa takriban hektopaskali 10. Ukifika Kabale, kwenye mita zinazokaribia 1,900, utakuwa karibu na 810, na kwa nyuzi 18 sahihisho lako litakuwa kama sehemu 58. Ukitumia simu yenye kihisi cha mgandamizo ndani yake, hakikisha programu inakuonyesha mgandamizo halisi wa mahali ulipo. Ukisoma namba inayozidi 1,000 hapa Kampala, ujue umepewa ya usawa wa bahari.

Halijoto ndiyo inayotusumbua zaidi kwa sababu inabadilika ndani ya siku moja. Kutoka nyuzi 17 za asubuhi hadi 29 za saa nane mchana ni tofauti ya sehemu zipatazo 10. Kipimajoto kikae kivulini, kwenye upepo, kwa urefu wa chombo. Nimeona kikiwekwa juu ya boneti ya gari, kikaonyesha nyuzi 41, na namba hiyo ikaandikwa bila mtu kushtuka. Kwa mistari mirefu, pima halijoto kwenye ncha zote mbili na uchukue wastani, kwa maana mwanga unapita katika hewa yote iliyo katikati.

Kuhusu kiwanja cha futi 50 kwa 100, upande mrefu ni mita 30.48. Sehemu 46 kwa milioni katika urefu huo ni milimita moja na nusu tu, na hakuna wa kukulaumu kwa hiyo. Lakini konstanti ya prizimu haijali urefu: milimita 30 kwenye mita 30 ni milimita 30, na kwenye kilomita moja ni zilezile 30. Kwenye viwanja vidogo basi ogopa prizimu, na kwenye mistari mirefu ogopa hewa. Anayeijua tofauti hiyo anajua pia mahali pa kutumia muda wake.

Bonde_la_Mpanga

Nafanya kazi upande wa Fort Portal, na ningependa kuongeza kosa ambalo ni kubwa kuliko yote yaliyotajwa, nalo ni skeli ya gridi (uwiano unaogeuza umbali kuwa wa gridi) iliyosahaulika ndani ya chombo.

Miaka michache iliyopita mpimaji mwenzetu alikuja huku kutoka Kampala kupima shamba la chai. Kwa miaka mingi alikuwa amezoea kuingiza kwenye chombo sahihisho la mwinuko na la skeli kwa pamoja, ili umbali utoke moja kwa moja katika gridi. Kwa Kampala hesabu yake ilikuwa sawa. Kampala iko karibu na longitudo ya 32°35′, na meridiani ya kati ya kanda 36 ya UTM, mfumo wa gridi unaoigawa dunia kwa kanda, ni 33°, kwa hiyo kigezo cha skeli ni takriban 0.99963, yaani sehemu 373 za kupunguza. Kuushusha umbali kutoka mita 1,200 hadi kwenye elipsoidi, umbo la hesabu la dunia lililo karibu na usawa wa bahari, kunapunguza sehemu nyingine 188. Jumla ni −561.

Fort Portal iko karibu na longitudo ya 30°16′, zaidi ya kilomita 300 magharibi ya meridiani ya kati. Huku kigezo cha skeli kinazidi moja, takriban 1.00074, na hata ukiondoa sehemu 242 za mwinuko wa mita 1,540 bado unabaki na takriban +498. Chombo kilipowashwa kilikuwa bado kinakumbuka −561. Tofauti kati ya hizo mbili ni zaidi ya mita moja kwa kila kilomita. Mstari wa kwanza, wenye mita 840, ulikosana na alama zake kwa sentimita 89, na timu ilipoteza siku mbili ikitafuta kosa kwenye pembe kabla mtu hajafungua ukurasa wa mipangilio.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni kwamba skeli ya gridi haiingii kwenye chombo kamwe. Chombo kipewe hewa na prizimu, basi. Mwinuko na gridi vihesabiwe ofisini, mahali ambapo kila hatua inaonekana kwenye karatasi.

JiweLaMpaka

Ndugu yangu wa Mpanga, nakubaliana nawe kabisa, na niongeze kwamba hatari ya pili ya desturi ile ni kusahihisha mara mbili. Mpimaji anaweka skeli kwenye chombo, kisha anapeleka data kwenye programu ya ofisini, nayo inaweka skeli tena kwa sababu haikuambiwa kwamba imeshawekwa. Sehemu 561 zinakuwa 1,122 na kila kitu kinaonekana kimekubaliana, maana kosa la skeli linanyosha au kubana umbo zima kwa uwiano mmoja, pembe zikibaki zilezile. Travasi, yaani mfululizo wa mistari iliyopimwa, inayorudi ilikoanzia itafunga vizuri sana. Utaligundua tu siku utakapofunga kwenye alama kuu nyingine.

Mpangilio ninaoufuata, kwa mstari wetu wa Wakiso, ni huu. Kwanza hewa na prizimu kwenye umbali wa mshazari, tukapata 1,204.286. Kisha pembe ya wima: tulisoma 89°40′ kutoka zenithi, yaani wima juu ya kichwa, na baada ya hesabu ya sini pamoja na milimita moja ya mpindo wa dunia na wa mwanga, umbali wa mlalo ni 1,204.265. Mwisho mwinuko na skeli, sehemu 561, na umbali wa gridi ni 1,203.589. Kuanzia ardhini hadi kwenye gridi mstari umepungua sentimita 68, na hakuna aliyeibiwa chochote.

Msidharau pembe ya wima. Kwenye mstari ulio karibu na usawa haina madhara, lakini ninyi mnaopima kwenye matuta ya Kabale mnajua hali ilivyo: mshazari wa mita 300 kwa pembe ya zenithi ya nyuzi 70, ukikosea sekunde 20, umbali wa mlalo unakosewa milimita 10. Someni kwa nyuso zote mbili za chombo, kosa la fahirisi ya wima litajifuta lenyewe.

Setilaiti_Kwanza

Kwa heshima zote, naona mnajadili jambo ambalo wakati wake umepita. Siku hizi tunapima kwa vipokezi vya setilaiti, kodineti zinatoka zenyewe, na hakuna hewa ya kuingiza wala prizimu ya kuazima.

Daftari_la_Uwandani

Ndugu Setilaiti, mimi natumia vyote viwili na siwezi kuacha kimoja. Ndani ya shamba la migomba au chini ya mikaratusi mirefu kipokezi hakioni anga ya kutosha, na mawe mengi ya zamani yako humohumo. Lakini jibu kubwa zaidi ni kwamba setilaiti haijakuondolea masahihisho haya, imeyahamisha tu. Umbali unaouhesabu kutoka kwenye kodineti mbili za gridi ni umbali wa gridi. Mwenye shamba akinyosha utepe wa chuma juu ya ardhi atapata mwingine, na atakuja kukuuliza.

Angalia upande wa eneo, ambako kosa linajizidisha. Neno mailo lenyewe limetokana na maili, na maili moja ya mraba ni ekari 640. Kwa sehemu 561 katika urefu, eneo linatofautiana kwa karibu sehemu 1,122. Kwa ekari 640 hiyo ni ekari 0.72. Je, ekari zilizoandikwa zilihesabiwa juu ya ardhi au juu ya gridi? Asiyeweza kujibu swali hilo hajamaliza kazi, awe amepima kwa setilaiti au kwa totali stesheni. Tena usisahau kwamba kazi nyingi za zamani ziko katika Arc 1960, mfumo wa kodineti uliojengwa juu ya elipsoidi ya Clarke ya mwaka 1880, wakati kipokezi chako kinazungumza WGS 84, mfumo wa setilaiti.

Setilaiti_Kwanza

Nimekuelewa, dada. Hesabu ya ekari sikuwahi kuifanya. Nitarudia faili mbili nilizokabidhi mwaka huu nione niliandika nini.

Mzee_wa_Tripodi

Vijana, niruhusuni niwakumbushe tulikotoka. Mfumo mnaoutegemea unaitwa Arc kwa sababu ya Arc ya meridiani ya 30, yaani mnyororo wa vipimo uliofuata meridiani hiyo, na kipande chake cha Uganda kilipimwa mwaka 1908 na 1909, zamani za nyaya na minyororo. Mwaka 1957 Trevor Wadley wa Afrika Kusini alitoa Tellurometer, iliyotumia mawimbi ya redio na kupima makumi ya kilomita hata ndani ya ukungu. Sisi tuliojifunza kwa vyombo vya kizazi kile tulilazimika kupima unyevu wa hewa kwa vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine chenye kitambaa chenye maji, kwa sababu mvuke wa maji huchelewesha sana mawimbi ya redio. Ng'ambo ya ziwa, hilo lilikuwa jambo zito. Mwanga hausumbuliwi na unyevu kiasi hicho, sahihisho lake kwa kawaida halifiki hata sehemu moja kwa milioni, na ndiyo maana ninyi mnaweza kuuacha.

Jambo ambalo halijatajwa bado ni kwamba chombo chenyewe huzeeka. Kuna fuwele ndani yake inayoshika mdundo wa wimbi, na mdundo ukihama kidogo, umbali wote unahama kwa uwiano. Kuna pia kosa linalojirudia kwa mzunguko kila baada ya nusu ya urefu wa wimbi la kipimo. Jaribio la nukta tatu haliwezi kuonyesha kosa la fuwele, kwa sababu vipande na mstari mzima vinanyoka pamoja. Kosa hilo linahitaji mstari wa nguzo za kudumu ambao umbali wake umeshathibitishwa kwa chombo bora zaidi. Mkiwa na nafasi ya kufika kwenye nguzo za namna hiyo, fanyeni hivyo kila mwaka na kila chombo kinapotoka kwa fundi au kinapoanguka.

Mwanafunzi_Mwaka_wa_Tatu

Wazee wangu, leo asubuhi tulifanya jaribio la nukta tatu kwenye kiwanja cha mpira kabla jua halijawa kali. Chombo ni cha kampuni ya Leica, kimewekwa kwenye prizimu ya duara ya kawaida inayosoma sifuri. AB ni 40.112, BC ni 37.905, AC ni 78.021. Jumla ya vipande ni 78.017, pungufu ya AC kwa milimita 4. Tulirudia mara tatu. Prizimu haina jina la kampuni, ina namba −30 iliyokwanguliwa nyuma yake. Je, hili ni kosa letu la kuweka tripodi, au ni kitu kingine?

JiweLaMpaka

Mwanangu, umefanya vizuri kurudia mara tatu, na umefanya vizuri zaidi kuangalia nyuma ya prizimu. Hilo si kosa la tripodi. Leica huita sifuri kile ambacho kampuni nyingine huita −34.4, kwa sababu imeichukua prizimu yake ya duara kuwa mwanzo wa kuhesabia. Prizimu yenu ya −30 kwa hiyo inapaswa kuingizwa kwenye chombo hicho kama +4.4. Mkiacha sifuri, kila umbali unafupishwa milimita 4 na kidogo, na ndicho mlichokiona: vipande viwili vimepungukiwa mara mbili, mstari mzima mara moja. Msiiingize −30 kwa sababu tu imeandikwa mgongoni, mtaharibu zaidi. Badilisheni, mpime upya nukta zilezile, kisha utuletee namba.

Mwanafunzi_Mwaka_wa_Tatu

Tumebadilisha kuwa +4.4 na kupima jioni hii, nyuzi 24, mgandamizo 880 uliokadiriwa kwa mwinuko. AB ni 40.116, BC ni 37.910, AC ni 78.025. Tofauti iliyobaki ni milimita moja. Tumeandika konstanti, halijoto na mgandamizo juu ya kila ukurasa wa daftari, na tumebandika karatasi ndani ya kifuniko cha sanduku la prizimu: kwa Leica, +4.4, kwa chombo kingine, −30.